Simu niliyoipiga

Jioni moja ya mwezi wa Machi, baada ya sala ya alasiri, nilikuwa nikipita Hurumzi kuelekea Forodhani. Mbele ya mlango mmoja wa kuchongwa walisimama watalii sita, na kijana aliyekuwa akiwaeleza habari za misumari ya shaba alikuwa amenipa mgongo. Sauti yake niliijua. Nilimfundisha kwa miaka mitatu, na utafiti wake wa kumalizia shahada, uliohusu bei ya mwani katika vijiji vya mashariki ya Unguja, niliusimamia mwenyewe. Hadi leo huwaonesha wanafunzi wengine kama mfano wa kazi iliyofanywa kwa uangalifu. Aliponiona alisita, akanisalimia kwa sauti ya chini: "Shikamoo, Mwalimu. Nikishawamaliza wageni nitakufuata Forodhani."

Alikuja kabla ya magharibi. Tulikaa ukutani, tukitazama vijana wakijirusha baharini. Akanieleza kwamba hana kitambulisho cha kutembeza wageni. Mwenye nacho ni binamu yake, naye humgawia kundi pale wanapomzidi. Siku hiyo alikuwa ameondoka na shilingi elfu thelathini. Wiki iliyotangulia hakupata kitu. Mwezi wa Aprili ulikuwa unakaribia, na mvua za masika zikianza hoteli nyingi hufunga milango na binamu hubaki na wageni wake mwenyewe. Kisha akaniuliza swali ambalo nimelibeba tangu siku ile: "Mwalimu, ulitufundisha fasili ya mtu asiye na ajira. Mimi unaniweka kundi gani?"

Nilimjibu kama mwalimu. Kwa kipimo cha kimataifa kilichotumika kwa miongo mingi, mtu aliyefanya kazi ya malipo au ya faida kwa saa moja tu katika wiki inayoulizwa huhesabiwa kuwa ameajiriwa. Kwa kipimo hicho, yeye ana ajira. Fasili ya kitaifa inayotumika Tanzania katika tafiti za nguvu kazi ni pana zaidi: humweka miongoni mwa wasio na ajira hata yule aliyeacha kutafuta ilhali yuko tayari kufanya kazi, na pia yule ambaye kazi yake haina uhakika wa kesho. Kwa kipimo cha pili, huenda hana ajira. Mtu ni yule yule, wiki ni ile ile, majedwali mawili tofauti.

"Kumbe ninayo na sinayo," alisema, akacheka. Nami nilicheka, lakini si kwa moyo mkunjufu. Ilikuwapo sababu, na leo nimeamua kuieleza mbele yenu, wasomaji wangu, kwa kuwa nadhani imo ndani ya mjadala wetu wa ajira na hatuitaji.

Miaka miwili kabla ya jioni ile, dada yangu mkubwa alinijia nyumbani siku ya Ijumaa akiwa na bahasha ya kaki. Dada huyu aliacha skuli ili mimi niendelee. Mwanawe, mpwa wangu, alikuwa amemaliza stashahada na kukaa miaka mitatu barazani. Ndani ya bahasha vilikuwamo vyeti vyake. "Mdogo wangu," aliniambia, "wewe una watu. Sema neno moja tu." Ninamjua mtu katika ofisi moja ya umma, ambaye tulisoma pamoja. Nilimpigia simu. Mazungumzo hayakufika dakika nne. Sikumwomba nafasi, nilimwomba "amwangalie" kijana wangu. Nyote mnaosoma hapa mnajua kwamba katika Kiswahili chetu kitenzi hicho kinatosha.

Mpwa wangu aliitwa kwenye usaili. Aliporudi alinisimulia kwamba ukumbi ulijaa, wengine wakasubiri uani juani tangu asubuhi, kwa nafasi zisizofika kumi. Aliipata mojawapo, kwa mkataba wa mwaka mmoja. Dada alisomesha dua. Mzee mmoja wa mtaani alinishika mkono akaniambia kwamba sasa nimekuwa mtu. Hakuna hata mmoja aliyeniambia kwamba nimekosea, na mimi ndiye ninayesimama kila mwaka darasani nikifundisha kwamba ushindani wa haki ni msingi wa utumishi wa umma.

Mwanafunzi wangu wa Hurumzi huenda alikuwamo uani siku ile. Sikumuuliza. Niliogopa jibu.

Mwaka ulipokwisha, mkataba haukuongezwa. Mpwa wangu akarudi barazani. Hapo ndipo nilipoanza kufikiri vizuri juu ya kile nilichokifanya, kwa sababu haya ya nafsi ilianza kuchanganyika na somo langu. Alipoingia kazini, alihesabiwa katika orodha ya vijana waliopata ajira. Alipotoka, sijaona orodha iliyomwandika. Na simu yangu, kwa uchumi wa Zanzibar, haikuongeza ajira hata moja. Ilihamisha moja, ikaitoa kwa kijana nisiyemjua na kumpa kijana ninayemjua.

Tangu hapo, kila ninaposikia pendekezo la kukuza ajira, hujiuliza swali hilo moja: je, hili linaongeza, au linahamisha?

Tuanze na ukubwa wa jambo lenyewe. Sensa ya 2012 iliwahesabu watu 1,303,569 Zanzibar. Sensa ya 2022 iliwahesabu 1,889,773. Kwa miaka kumi tumeongezeka watu 586,204, yaani zaidi ya 58,000 kwa kila mwaka. Katika uchaguzi wa 2020 chama tawala kiliahidi ajira 300,000 kwa Zanzibar katika kipindi cha miaka mitano, ambazo ni wastani wa 60,000 kwa mwaka. Wekeni tarakimu hizo mbili pamoja. Ahadi ile ilikuwa karibu sawa na kumpatia ajira moja kila mtu anayeongezeka katika visiwa hivi, tukianza na watoto wachanga. Sisemi hivyo kwa kubeza. Ahadi kubwa ina faida ya kutulazimisha tuulize ajira ni nini, inahesabiwa lini, na nani anaihesabu.

Lugha yetu inatusaidia kuliko majedwali. Tunayo *kazi*, ambayo kila mwenye mikono anayo. Tunayo *ajira*, ambayo ni ndugu wa *ujira*, kazi yenye malipo yanayojulikana. Na tunacho *kibarua*, neno lililozaliwa kutokana na *barua*. Katika karne ya kumi na tisa, vibarua wengi wa mji huu walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao, na sehemu kubwa ya malipo ya siku ilirudi kwa bwana. Utumwa ulipigwa marufuku mwaka 1897, lakini neno limebaki, na bado lina maana ya kazi inayoanza alfajiri bila kuahidi chochote cha kesho. Sehemu kubwa ya kile tunachokiandika kama ajira, mtaani kinaitwa kibarua, na wanaokiita hivyo ndio wanaokijua.

Mjadala wetu una kambi tatu, na nadhani kila moja ina haki kwa sehemu.

Kambi ya kwanza inasema Serikali iajiri. Hii ndiyo kambi ya wazee wetu, nao wana historia ya kuitegemea. Baada ya Mapinduzi ya 1964 elimu ilitangazwa kuwa bila malipo, na kijana aliyemaliza skuli alitarajia ofisi, kambi au kiwanda cha umma kama kile cha sukari cha Mahonda. Lakini mishahara ile ilikuwa na mti nyuma yake, nao ni mkarafuu. Indonesia, iliyokuwa mnunuzi wetu mkuu kwa ajili ya sigara zake za karafuu, ilipoanza kujitosheleza, bei ilianguka katika miaka ya 1980, na uwezo wa Serikali wa kuajiri ukaanguka nayo. Fundisho ni kwamba Serikali huongeza ajira pale inapokuwa na kitu kinachozalishwa cha kuitegemeza. Pasipo hicho, inagawa nafasi chache kwa watu wengi, na penye nafasi chache kwa watu wengi ndipo simu kama yangu hupigwa.

Ndani ya kambi hiyo imo sauti nyingine, kali zaidi, inayosema kwamba ajira zipo ila zimechukuliwa na wageni: Wakenya, na hasa ndugu zetu wa Bara. Nimesikia hoja hiyo barazani, nimeisikia darasani, na siichukulii kama chuki tupu. Kijana wa Nungwi anayeona hoteli imejengwa pale babake alipokuwa akianika nyavu, kisha akakosa hata kazi ya kufagia, ana dai la haki. Lakini tukumbuke kwamba mji huu umejengwa kwa mikono ya waliokuja. Mgomo wa wafanyakazi wa bandari wa 1948, uliosambaa hadi kuwa mgomo wa mji mzima, ulikuwa kwa sehemu kubwa mgomo wa watu waliotoka bara, na walichokuwa wakikidai, mshahara unaolingana na bei ya chakula, kilimhusu kila mkaazi. Kumfukuza mhudumu kutoka Bara na kumweka wa hapa ni kuhamisha. Kumfundisha wa hapa lugha, upishi, hesabu na ufundi wa mitambo hadi aombe kazi ya umeneja ni jambo jingine, na linahitaji miaka.

Kambi ya pili inasema tuiachie sekta binafsi, kwa maana ya utalii. Hapa lazima niwe muungwana: utalii unaongeza kweli. Mwaka 2019 tulipokea wageni 538,264. Mwaka 2023 walikuwa 638,498, na 2024 wakafika 736,755. Hilo ni ongezeko kubwa. Hata hivyo, kati ya miaka hiyo upo mwaka 2020, ambapo wageni walishuka hadi 260,644. Mwaka ule niliona madereva wa utalii wakiuza ndizi kwenye magari yao. Ugonjwa uliotoka mbali ulifunga hoteli zetu, na wengi walirudishwa nyumbani bila malipo. Na hata katika mwaka mzuri, kila masika huwa ni korona ndogo kwa mfanyakazi wa msimu.

Tena kuna mahali ambapo fedha ya mgeni inavuja. Niliwahi kuwapeleka wanafunzi katika stoo ya hoteli moja ya pwani ya mashariki. Tulikuta nyanya na viazi vya Bara, siagi ya Ulaya, na mayai yaliyovuka bahari. Mwanafunzi mmoja alimuuliza mtunza stoo, kwa hasira kidogo, kwa nini hawanunui mayai ya Unguja. Mzee yule alijibu kwa upole: "Mwanangu, mimi ningependa. Lakini nataka trei mia kila Jumatatu, za ukubwa mmoja, na risiti. Wa hapa ataniletea ishirini leo, na wiki ijayo hapokei simu." Nimehudhuria makongamano mengi kuhusu ajira. Sikumbuki aliyelieleza tatizo kwa ufupi kama ule.

Kambi ya tatu inasema vijana wajiajiri. Mikopo ipo, na Serikali imeunda Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi kwa kazi hiyo. Nawaheshimu wanaoisimamia. Lakini nendeni Darajani mkahesabu meza za vikasha vya simu. Kijana wa saba anapokopeshwa afungue meza ya saba, wateja hawaongezeki, wanagawanywa. Mkopo ule umehamisha mauzo ya meza sita, na marejesho yanamsubiri wa saba. Kujiajiri kunaongeza ajira pale mtu anapotengeneza kitu ambacho hakikuwapo, au anapomuuzia mnunuzi ambaye hakuwa akinunua kwetu.

Najua kwamba jambo hilo linawezekana, kwa sababu limenilea. Nilikuwa na umri wa miaka tisa mwaka 1989, mwani wa biashara ulipoanza kulimwa Paje na Jambiani kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Mama yangu alikuwa miongoni mwa wanawake walioingia baharini na vigingi na kamba wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali. Wanaume waliwacheka mwanzoni. Kisha fedha zikaja, na zilikuwa fedha za wanawake wenyewe, mkononi mwao. Sare yangu ya skuli, taa niliyosomea na nauli ya kuja mjini vilitoka kwenye mwani ule. Mama hakumnyang'anya mtu kazi. Ile haikuwapo kabla yake.

Wala sitaki kuupamba mwani. Mgongo wa mama haukunyooka tena. Bei hupangwa mbali na ufuo wetu, na sehemu kubwa ya zao husafirishwa ikiwa kavu na ghafi, ili kazi yenye malipo mazuri ya kulisindika ifanywe na watu wa nchi nyingine. Maji yamepata joto, na ule mwani wenye bei nzuri hufa katika maji ya kina kifupi. Kuulima katika kina kirefu kunahitaji boti na kuogelea, vitu ambavyo wanawake wengi hawakupewa nafasi ya kuvipata. Lakini hapo ndipo penye ajira za kuongezwa: katika boti, katika mafunzo ya kuogelea, katika usindikaji, na katika trei mia za mayai za kila Jumatatu.

Nina mapendekezo matatu, na nawaelekezea hasa wasomaji wangu mlio katika utumishi wa umma, kwa sababu hakuna hata moja linalohitaji mfadhili.

La kwanza, ajira ihesabiwe mara mbili: mtu anapoingia, na baada ya miezi kumi na miwili. Tarakimu ya pili itangazwe pamoja na ya kwanza. Itakuwa ndogo, na itaumiza kwa muda. Lakini mwenye kupanga kwa tarakimu ya kuingia tu ni kama mvuvi anayehesabu samaki waliogusa wavu.

La pili, tuwekeze katika ile kazi isiyo na sherehe ya kuunganisha mkulima na mnunuzi. Mabonde ya Cheju na Bumbwisudi hayako mbali na hoteli. Kinachokosekana ni mtu wa kukusanya, kupanga kwa ukubwa, kuhifadhi katika baridi, kutoa risiti na kupokea simu. Hizo nazo ni ajira, na zinamfaa mhitimu wa uchumi kuliko kuwatembeza wageni kwa kitambulisho cha binamu.

La tatu, matokeo ya usaili wa kila nafasi ya umma yabandikwe hadharani na alama zake. Siku hizi maombi hutumwa kwa mtandao, na hilo ni jema, lakini mlango wa mbele hauna maana ikiwa mlango wa uani haujafungwa. Yule niliyempigia simu si mtu mbaya. Alifanya kile ambacho mimi nilimwomba, na angeweza kukataa kwa urahisi kama kungekuwa na karatasi ya alama ukutani ya kumkinga dhidi yangu. Sheria nzuri humlinda mtumishi na rafiki zake.

Mwezi uliopita dada yangu alikuja tena na bahasha ile ile. Nilimwambia kwamba sitapiga simu. Nilimweleza habari ya ua uliojaa vijana, na kwamba wale nao wana mama zao. Alinisikiliza hadi mwisho, akaikunja bahasha, akasema, "Sawa. Wewe umeshafika," kisha akaenda. Hajanipigia tangu siku hiyo. Nimekaa na mpwa wangu mara tatu tukiandika mpango wa kukusanya mayai kutoka kwa wafugaji wa Tunguu na vijiji vya jirani, na yule mtunza stoo amekubali kutusikiliza. Huenda usifaulu. Tukifaulu, tutahitaji mtu wa pili anayejua kufuatilia bei, na nimeshampelekea ujumbe mwanafunzi wangu wa Hurumzi.

Bado nina deni lake la jibu. Nimeandika haya ili aanze kulipata, na ili ajue kwamba mwalimu wake aliyemfundisha fasili alikuwa na simu mkononi. Kama alikuwamo uani siku ile, namwomba radhi. Kama hakuwamo, radhi hiyo impate aliyekuwamo.